Moto Usiounguza: Pilipili Kama Mmea na Kama Dawa

Mhadhara kwa wakazi wa Section 58, Nakuru



Mada yetu ni pilipili. Nimeichagua kwa sababu karibu kila jiko la mtaa huu lina pilipili, na karibu kila nyumba ina jambo inaloliamini juu yake. Yuko aliyeambiwa aiache kabisa kwa kuwa ndiyo iliyomletea vidonda vya tumbo. Yuko anayeichanganya na limau, tangawizi na kitunguu saumu ili imfukuzie homa. Yuko anayewatilia kuku wake kwenye maji wanapoanza kukoroma. Yuko anayejichua nayo goti linalouma. Baadhi ya imani hizi zina msingi, nyingine hazina, na chache zimewachelewesha watu kufika hospitalini.

Ninataka tupate kipimo kimoja cha kuzipimia zote. Ukali wa pilipili hauunguzi nyama ya mwili, na kwa kiasi tunachokula hauui vijidudu vya maradhi. Unafanya kazi mahali pamoja: kwenye mishipa ya fahamu inayobeba habari za maumivu. Pale ambapo ugonjwa umekaa kwenye mishipa hiyo, pilipili inaweza kuwa dawa ya kweli. Ugonjwa ukikaa kwingine, pilipili hubaki kuwa kiungo cha chakula. Tuanze na mmea wenyewe, maana majibu mengi yamo humo.

Mmea na ukoo wake

Mpilipili ni wa jenasi ya Capsicum, katika ukoo wa Solanaceae. Ndugu zake mnawafahamu: nyanya, viazi, biringanya, managu, tumbaku, hata ule mtunguja wenye miiba na matunda ya manjano unaoota kando ya njia na malishoni. Undugu huu una gharama yake shambani. Mkulima wa Subukia anayeng'oa nyanya na kupanda pilipili papo hapo, au wa Njoro anayeifuatisha pilipili baada ya viazi, huukuta ugonjwa uleule wa mnyauko wa bakteria ukimngoja udongoni. Apande mahindi kwanza kwa misimu kadhaa, ndipo arudi kwenye ukoo huu.

Pilipili manga haimo katika ukoo huo. Ile ni tunda kavu la mmea unaotambaa, Piper nigrum, wenye asili ya India, na ukali wake unatokana na kemikali nyingine iitwayo piperini.

Nyumbani kwa Capsicum ni Amerika. Watu wa huko walikuwa wakila pilipili zaidi ya miaka 6,000 iliyopita, nasi tulikuwa hatujaiona. Baada ya safari ya Columbus ya 1492, merikebu za Wahispania na Wareno zilianza kusafirisha mbegu zake duniani. Vasco da Gama alifika Mombasa na Malindi mwaka 1498, na katika miaka iliyofuata Wareno wakaufanya mwambao wa Afrika Mashariki kuwa njia yao ya kwenda India. Mmea ukapokewa pwani, ukapanda bara, ukazoea udongo wetu hata leo wengi hudhani ulikuwapo tangu asili.

Kuna spishi tano zilizofugwa na binadamu, na tatu kati yake ndizo tunazokutana nazo sana. Ya kwanza ni Capsicum annuum: humo mna hoho tamu tunazokatia kwenye mboga na pia pilipili ndefu nyekundu zinazokaushwa na kusagwa. Ya pili ni Capsicum frutescens, ndiyo pilipili kichaa, kichaka chenye vitunda vidogo vinavyoelekea juu na kung'oka kwa urahisi vikiiva. Ya tatu ni Capsicum chinense, yenye harufu nzuri sana, ambayo watu wa pwani huiita pilipili mbuzi.

Ua la mpilipili ni dogo na mara nyingi jeupe. Kwa kawaida hujichavusha lenyewe, ingawa nyuki nao huchukua chavua kutoka mche mmoja hadi mwingine. Hapa pana swali ambalo wakulima huuliza mara kwa mara: je, hoho ikipandwa karibu na pilipili kali huwa kali? Tunda la msimu huo halibadiliki, kwa sababu nyama yake yote hutoka kwa mche mama. Mbegu zake ndizo zinazoweza kuwa chotara. Ukizihifadhi na kuzipanda msimu ujao, unaweza kupata hoho inayowasha.

Ukali unatengenezwa wapi? Wengi watasema kwenye mbegu. Sivyo. Pasua pilipili uitazame: ndani mna utando mweupe unaoshikilia mbegu. Huo ndio kiwanda. Mbegu huwasha kwa kuwa zimegusana nao. Anayetaka harufu na rangi ya pilipili bila kuwatesa watoto mezani aukwangue utando huo kwa kisu. Kemikali yenyewe inaitwa kapsaisini, jina ililopewa mwaka 1876 na mkemia Mwingereza John Clough Thresh. Hoho haina kapsaisini kwa sababu jeni yake moja, iitwayo Pun1, imekatika kipande. Watafiti waliitambua jeni hiyo mwaka 2005.

Kupima ukali kulianza mwaka 1912, wakati mfamasia wa Marekani Wilbur Scoville alipochukua dondoo ya pilipili, akaizimua kwa maji ya sukari mara nyingi, na kuwauliza waonjaji ni lini mwasho umetoweka. Siku hizi mashine hupima kapsaisini yenyewe, lakini vipimo bado vina jina lake. Hoho ni sifuri. Jalapeno ni kati ya 2,500 na 8,000. Pilipili kichaa huanzia kama 50,000 na kuvuka 100,000. Kapsaisini tupu hufika 16,000,000. Ikumbukeni tofauti hii tutakapofika kwenye dawa: pilipili mbili zinazofanana machoni zinaweza kuachana mara kumi kwa nguvu.

Sababu ya mmea kuwa mkali

Mmea hutumia chakula chake kutengeneza kapsaisini, kwa hiyo lazima uwe unapata faida. Faida ya kwanza ni usafiri wa mbegu. Mnyama mwenye meno, kama panya, huzitafuna mbegu na kuziharibu. Ndege, kama shore, humeza tunda zima na kuziangusha mbegu mbali zikiwa hai. Mwaka 2001 Joshua Tewksbury na Gary Nabhan walionyesha, kwa utafiti wa pilipili mwitu huko Arizona, kwamba mamalia wadogo waliiepuka pilipili na ndege waliila bila shida. Mwaka uliofuata, maabara ya David Julius huko California ilieleza sababu: kipokezi cha maumivu cha kuku hakiitikii kapsaisini. Ndege hahisi ukali wowote. Ndiyo maana pilipili kichaa huota yenyewe chini ya miti na kando ya ua, mahali ambapo hakuna mtu aliyepanda.

Faida ya pili iligunduliwa Bolivia. Huko, wadudu hutoboa tunda la pilipili mwitu na kufungua njia kwa kuvu wa jamii ya Fusarium, ambao huozesha mbegu. Utafiti uliochapishwa mwaka 2008 uligundua kwamba pale wadudu walipokuwa wengi, ndipo miche mikali ilipokuwa mingi pia. Kapsaisini huwazuia kuvu hao ndani ya tunda, ambamo imejaa tele. Tusidhani inafanya hivyo katika damu ya binadamu aliyekula vipande viwili kwenye kachumbari.

Sasa tuwageukie kuku wetu. Ukiwapa pilipili, hawataumia, kwa kuwa hawaihisi. Lakini kideri, ugonjwa wa kuku, huletwa na virusi, na virusi hao hawana mshipa wa fahamu wa kuguswa. Kuku anayepewa pilipili wakati wa kideri hufa sawa na asiyepewa. Kinachomkinga ni chanjo, itolewe mapema kabla ugonjwa haujaingia mtaani, na irudiwe kwa ratiba ya afisa wa mifugo.

Kwa mamalia mambo ni tofauti. Tembo anauhisi ukali huo vikali, na huko Trans Mara wakulima na watafiti wamejaribu kutumia pilipili, ikipakwa kwenye kamba za ua au kuchomwa pamoja na kinyesi cha tembo, ili kulinda mahindi. Kapsaisini ileile inampita ndege bila habari na kumfukuza mnyama mkubwa kuliko wote wa nchi kavu, kwa sababu ya kipokezi kimoja tu.

Bonde letu la Ufa lina mmea wake mwenyewe uliofuata njia hiyo ya ukali, na wazee hapa wanaujua tangu utotoni: muthiga kwa Wakikuyu, soget kwa Wakalenjin, osokonoi kwa Wamaasai. Wataalamu wanauita Warburgia ugandensis. Gome lake hutafunwa kwa kikohozi na maumivu ya meno, nalo huwasha kama pilipili ingawa mti wenyewe hauna undugu wowote na Capsicum. Miaka ya 1970, wanakemia walioshirikiana na taasisi ya utafiti wa wadudu ya ICIPE, Nairobi, walipata ndani yake kemikali waliyoiita warburganali, na wakaona kwamba viwavijeshi hukataa kula jani lililopakwa kemikali hiyo. Mti huu una adui mmoja mkubwa, naye ni panga. Gome likibanduliwa kuzunguka shina lote, mti hufa. Anayeuhitaji achukue kipande kidogo upande mmoja, na apande mche. Mpilipili tunaweza kuupata upya kwa miezi michache. Muthiga huchukua miaka mingi kurudi.

Kinachotokea mdomoni

Mwaka 1997 David Julius na wenzake walikipata kipokezi chenyewe. Kinaitwa TRPV1, protini iliyoko kwenye ncha za mishipa ya fahamu ya ulimi, ngozi, macho na utumbo. Kazi yake ya asili ni kutambua joto la hatari, kuanzia takriban nyuzi 43 za Selsiasi. Ugunduzi huo ulimpa Tuzo ya Nobel ya tiba mwaka 2021, pamoja na Ardem Patapoutian.

TRPV1 ni kama kengele ya moto ndani ya jengo. Maji ya moto huiliza kengele hiyo kwa haki. Kapsaisini huiliza bila moto kuwapo. Ubongo hauwezi kutofautisha, kwa hiyo hutoa amri zilezile: jasho litoke, machozi yatiririke, kamasi ilegee, moyo uende kasi. Ukipima joto la ulimi wakati huo utalikuta vilevile. Hakuna kilichoungua.

Maarifa haya yana faida mezani. Kapsaisini haiyeyuki vizuri katika maji, na ndiyo maana ukinywa maji unausambaza mwasho mdomoni. Maziwa yana mafuta na protini ya kaseini, navyo huibeba kapsaisini kutoka kwenye ulimi. Maziwa lala au mursik hufanya kazi hiyo vizuri. Na mikono iliyokata pilipili isuguliwe kwanza kwa mafuta ya kupikia, kisha sabuni, kabla ya kugusa jicho au kumbeba mtoto.

Dawa ya moto ni moto

Wahenga walisema dawa ya moto ni moto, na hapa methali hiyo inaelekea kuwa sayansi. Mtaalamu wa sayansi ya dawa Miklós Jancsó, wa mji wa Szeged nchini Hungaria, aligundua katika miaka ya 1940 kwamba wanyama waliopewa kapsaisini mara kwa mara walipoteza uwezo wa kuhisi vitu vinavyowasha. Leo tunaelewa sababu. Ncha ya mshipa wa fahamu inapochochewa mno, hufurika kalsiamu, huchoka, kisha hujirudisha nyuma na kunyamaza. Hukaa hivyo kwa wiki kadhaa kabla ya kuota tena.

Yapo magonjwa ambayo shida yake ni kengele inayolia yenyewe. Mtu aliyeugua mkanda wa jeshi anaweza kupona malengelenge, halafu akabaki na maumivu ya kuunguza ubavuni kwa miezi au miaka. Mgonjwa wa kisukari anaweza kuhisi nyayo zikiwaka usiku, na ukizitazama huoni jeraha. Hapa ugonjwa umekaa kwenye mshipa wenyewe, na hapa kapsaisini ina kazi ya kweli. Krimu zenye asilimia 0.025 hadi 0.075 hupakwa mara tatu au nne kwa siku, kwa wiki kadhaa. Siku za mwanzo huwasha, na wengi huziacha mapema kabla hazijafanya kazi. Kuna pia bandiko lenye asilimia 8, lililoidhinishwa Marekani mwaka 2009 kwa maumivu yanayofuata mkanda wa jeshi, na mwaka 2020 kwa maumivu ya miguu ya wenye kisukari. Hubandikwa na mhudumu wa afya aliyevaa glavu, kwa dakika 30 miguuni au 60 kwingineko, na nafuu yake inaweza kudumu miezi mitatu. Halimsaidii kila mgonjwa, lakini wanaosaidika hulala usingizi.

Krimu hizo hutumika pia kwa goti lililochakaa kiungo. Kwa hiyo anayejichua goti kwa pilipili amegusa jambo lenye ukweli. Tatizo ni kipimo. Krimu ya dukani ina kiasi kinachojulikana, na pilipili ya shambani haina. Nimekwisha kuwaambia kwamba mbili zinazofanana zinaweza kuachana mara kumi. Pilipili mbichi ikisuguliwa kwenye ngozi inaweza kuleta wekundu, uvimbe na malengelenge. Mtu mwenye kisukari ambaye nyayo zake zimekufa ganzi asijaribu kamwe, kwa sababu hatahisi ngozi inapoharibika, na kidonda cha mguu kwake ni hatari kubwa. Isipakwe kwenye jeraha, wala kwa mtoto.

Kuhusu mafua, mvuke wa mchuzi wenye pilipili hulegeza kamasi na pua hufunguka kwa muda. Hiyo ni nafuu ya haki, na mgonjwa anastahili nafuu. Lakini virusi hubaki palepale. Mwaka 2020, wakati wa korona, Shirika la Afya Duniani lililazimika kutangaza wazi kwamba kutia pilipili kwenye chakula hakukingi wala kuponya ugonjwa huo. Homa inayoendelea hapa kwetu inaweza kuwa malaria, homa ya matumbo au nimonia. Inataka kupimwa.

Pilipili ina lishe pia. Albert Szent-Györgyi, aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 1937, alipata vitamini C kwa wingi kutoka kwa pilipili za Szeged, mji uleule wa Jancsó. Gramu 100 za pilipili kali nyekundu zina miligramu zipatazo 144 za vitamini hiyo, karibu mara tatu ya chungwa. Hakuna anayekula gramu 100 za pilipili kali, lakini hoho nyekundu ina karibu kiasi hichohicho na mtoto anaweza kuila mbichi.

Mwaka 2015 utafiti wa China uliofuatilia watu 487,375 ulionyesha kwamba waliokula vyakula vya pilipili karibu kila siku walikuwa na uwezekano wa kufa pungufu kwa asilimia 14, wakilinganishwa na wale wasiovila hata mara moja kwa wiki. Habari hiyo ilienea sana. Tuisome kwa uangalifu: inaonyesha mambo mawili yakienda pamoja, haithibitishi kwamba moja ndilo lililoleta jingine. Watu wanaokula pilipili huenda wanatofautiana na wenzao kwa mengi.

Vidonda vya tumbo

Nimeliweka jambo hili mwisho wa mambo ya tiba kwa kuwa ndilo linalowadhuru watu zaidi. Mwaka 1982, huko Perth, Australia, Barry Marshall na Robin Warren waligundua bakteria wanaoishi tumboni, wanaojulikana sasa kama Helicobacter pylori. Walipata Tuzo ya Nobel mwaka 2005. Bakteria hao, pamoja na matumizi ya muda mrefu ya dawa za maumivu kama aspirini, ibuprofeni na diklofenaki, ndio chanzo cha vidonda vingi vya tumbo. Pilipili haitoboi tumbo. Mwaka 1995 watafiti wa Singapore waliwapa watu wenye afya pilipili ya unga kabla ya aspirini, na wakakuta aspirini imeyajeruhi matumbo yao kidogo kuliko walipoimeza bila pilipili.

Je, mwenye vidonda ale pilipili? Tumbo lililokwisha kujeruhiwa lina mishipa iliyo macho, na pilipili inaweza kuuchochea uchungu huo, pamoja na kiungulia. Ikikuumiza, iache. Lakini kuiacha ni kutuliza, na bakteria watabaki pale pale mpaka wapimwe na kutibiwa kwa dawa zao. Nasikitika kila ninapokutana na mtu aliyeacha pilipili kwa miaka, akawa bado anameza diklofenaki kila jioni kwa sababu ya mgongo, na hajawahi kupimwa Helicobacter pylori hata mara moja. Ametendewa haki na nani?

Kuipanda hapa kwetu

Kaunti yetu na majirani wana mahali pa pilipili. Kule Marigat, mradi wa umwagiliaji wa Perkerra, uliojengwa kuanzia 1954 kwa mikono ya mahabusu wa hali ya hatari ya enzi za ukoloni, ulilima vitunguu, pilipili, matikiti na mapapai kwa miaka mingi, hadi mbegu za mahindi zilipoingia mwaka 1996. Joto la bonde lile linaufaa mmea huu, unaopenda nyuzi 20 hadi 30. Molo, kwenye mita 2,500 hivi, ni baridi mno. Nakuru, kwenye mita 1,850 hivi, ipo katikati, na udongo wetu wa volkano haushikilii maji, jambo ambalo mizizi ya mpilipili hulishukuru. Kichaka kimoja cha pilipili kichaa kwenye gunia au mtungi uliotobolewa chini kinaweza kuilisha nyumba kwa miaka.

Ninawaomba mambo mawili. Walimu, mpilipili uwe katika bustani ya shule, kwa sababu mche mmoja unafundisha ukoo wa mimea, urithi wa jeni, ndege na mishipa ya fahamu. Na kila familia yenye mtu ambaye nyayo zake zinawaka usiku imwite mhudumu wa afya ya jamii anayepita nyumba kwa nyumba. Tangu 2023 wahudumu hao nchini wamepewa mikoba yenye vifaa vya kupima sukari. Sukari ikionekana imepanda, mguu utaokolewa kwa kuitibu sukari yenyewe. Kapsaisini itakuja baadaye, kwa kipimo chake, kutuliza yale yatakayobaki. Yeyote mwenye kiungulia au uchungu wa tumbo usiokoma naye aende kupimwa wiki hii, akiwa ameandika majina ya dawa zote za maumivu anazomeza.